Simu moja, watoto 70

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utafundishaje stadi za maisha ya kisasa darasa la nne lenye watoto 70 na simu moja, tena yako mwenyewe. Anza na pesa za simu, maana wengi wao hutumwa kwa wakala. Andika ubaoni ule ujumbe wa matapeli, "Ile hela tuma kwenye namba hii", kisha waache wabishane: nani kautuma? Kajuaje kuna hela? Mimi hapo humaliza kipindi kizima. Wajue namba ya siri haitajwi hata kwa wakala, na kwamba hapa Tanzania ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwenye namba 15040. Simu itoe mwishoni, kundi moja kila siku: mmoja asome makato kwenye ujumbe wa zamani, wengine wajumlishe.