Swali la Lugha: Mafuta ya Breki, Maji ya Breki au Oili?

Msomaji wetu wa Ipuli, Tabora, ana pikapu ya zamani inayobeba asali kutoka Sikonge, na anawaandikia vijana wanaoiendesha karatasi ya maelekezo ili matengenezo madogo ya breki na usukani wayafanye wenyewe. Mstari wake wa kwanza unasema: “Angalia mafuta ya breki, yakipungua ongeza oili, kisha toa upepo; angalia pia oili ya stelingi.” Kaka yake anasisitiza kwamba husemwa “maji ya breki”, na mwanawe aliyesomea ufundi anataka “giligili”. Anauliza lipi ni sanifu, na kama “upepo” na “stelingi” yanafaa kuandikwa.

Ndugu msomaji, sentensi yako haina kosa la sarufi hata moja, lakini ukiibandika ndani ya pikapu kama ilivyo, kuna siku itakugharimu masta silinda, yaani pampu kuu ya breki. Niliwahi kukaa kwenye kibanda cha fundi mmoja huko Mwanga, Kigoma, nikamtazama akiifungua masta silinda ya gari ambalo breki zake zilikuwa zikishika bila kuachia, na ule mpira wa ndani, ambao kwa kawaida huteleza kwa kusukumwa na kidole, ulikuwa umevimba kama haragwe lililolala majini usiku kucha, hata akalazimika kuuchokonoa kwa bisibisi. Dereva alikuwa ameambiwa kwa simu “ongeza oili”, naye akaongeza oili, ile ya injini iliyobaki kwenye dumu. Kiswahili alikielewa vizuri sana. Mwenye kosa ni aliyemtuma.

Kinachotiwa kwenye breki za magari mengi, yaani kile kilichoandikwa DOT 3 au DOT 4 kwenye kopo na aghalabu kwenye kifuniko cha tangi lake, si oili inayotokana na mafuta ghafi, na mipira ya breki imetengenezwa kwa kukizingatia hicho. Oili ya injini au ya giaboksi ikiingia humo, mipira huvimba. Kwa sababu hiyo neno “oili” liondoe kabisa katika sehemu ya breki. Neno “mafuta” nalo silipendi hapo, kwa kuwa kwa dereva wa Kitanzania mafuta, yakitajwa bila nyongeza, ni petroli au dizeli, na mtu anayesoma harakaharaka huokota neno la kwanza akaacha la pili.

Kaka yako ana hoja, maana tuna “maji ya betri” na hakuna anayelalamika. Hata hivyo, katika breki maji ndiyo adui mwenyewe. Kiowevu hiki, yaani kimiminika cha breki, hufyonza unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka. DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi, lakini ikishanywa unyevu kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140, na ikichemka kwenye mteremko mrefu mvuke hujaa ndani ya bomba, kisha pedali huzama hadi sakafuni. Kukiita “maji” ni kukipa jina la kile kinachokiua. Giligili ya mwanao ni neno zuri la darasani, lakini katika fizikia hujumuisha hata gesi, na gesi ndiyo tunayohangaika kuitoa.

Kwa hiyo andika “kiowevu cha breki”, na mara ya kwanza ufuatishe “yaani breki fluidi, DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema”, kwa kuwa muuza spea hatalijua neno kiowevu, na kijana hatarudi nyumbani kuja kukuuliza. Kwenye usukani mambo ni kinyume: huko magari mengi ya zamani hutumia oili kwelikweli, mara nyingi ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki, basi “oili ya usukani” ni sahihi kwa lugha na kwa ufundi. Ukilinda maneno haya mawili yasichanganyike, kiowevu upande mmoja na oili upande wa pili, umevilinda na vikopo viwili vinavyokaa chini ya boneti moja. Neno “haidroliki”, yaani nguvu ya kimiminika kinachosukumwa, peke yake halisaidii, kwa sababu breki na usukani vyote hufanya kazi kwa haidroliki.

“Stelingi” isemwe gereji, isiandikwe. Kwa vijana wengi stelingi ni yule mtu wa kwenye sinema anayepigwa risasi kumi na asife. Usukani ni neno la mabaharia lililopanda gari: wavuvi wa Kigoma wanalo kwenye mitumbwi na maboti yao, na linatosha kabisa, pamoja na “pampu ya usukani” na “mkanda wa pampu”.

Kuhusu “upepo”, usihangaike. Ni kweli kwamba upepo ni hewa inayotembea, na ile ya kwenye bomba la breki imetulia, lakini tunajaza upepo kwenye tairi na hakuna aliyewahi kutuelewa vibaya.

Wasiwasi wangu uko kwenye neno ambalo hukuliuliza. Katika kutoa upepo mmoja hukaa juu akikanyaga pedali, mwingine yuko chini na spana, na mahali pengi maelekezo yako yanasema “achia”. Achia nini? Aliye juu atadhani ni pedali, aliye chini atadhani ni nati ya kutolea upepo iliyo kwenye gurudumu, na pedali ikiachiwa kabla nati haijakazwa, hewa huvutwa ndani upya. “Funga” ni hivyohivyo, kwani kufunga breki ni kuzikanyaga ghafla, na pia ni kuziweka mpya. Gawanya vitenzi: pedali ikanyagwe, ishikiliwe, iachiwe, nati ilegezwe na ikazwe. Sehemu hiyo ningeiandika hivi: “Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Wa juu akanyage mara kadhaa, kisha ashikilie. Wa chini alegeze nati, povu litoke, aikaze, ndipo aseme ‘tayari’. Wa juu asiachie pedali kabla ya kusikia neno hilo. Kiowevu kwenye tangi kisiachwe kikaisha.”