Kahawa ya barafu inanichujukia

SWALI: Ndugu Mhariri, joto la hapa Tanga limenifanya niache kahawa ya moto mchana. Nina kichujio cha kauri chenye kitako bapa na matundu matatu. Ninachuja gramu 20 za unga kwa mililita 300 za maji ya moto, kisha ninaimimina kahawa kwenye glasi iliyojaa barafu. Kila mara inakuwa majimaji, na nikizidisha unga inakuwa chungu. Ninakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kipimo chako kingefaa kabisa kwa kahawa ya moto, kasoro ni kwamba hukuihesabu barafu, ilhali nayo ni maji yanayosubiri kuyeyuka. Katika zile 300, weka gramu 120 za barafu ndani ya chombo kilicho chini ya kichujio, ubaki na gramu 180 tu za kumimina. Unga hunywa maji karibu mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo kitakachodondoka ni kama gramu 140, na kwa kuwa barafu huchota joto jingi inapoyeyuka, karibu yote itakuwa imekwisha tone la mwisho linapoanguka. Katika glasi, vipande viwili vitatu vikubwa vinatosha. Njia hii imezoeleka sana Japani, na sifa yake ni kwamba kahawa hupoa papo hapo kabla harufu yake haijapotea hewani.

Maji ya moto yakipungua, unga nao husagwa laini kidogo kuliko kawaida ili ladha itoke ya kutosha, na hapo ndipo kitako bapa kinapotega watu. Matundu yake ni madogo. Ukisaga laini kama kahawa ya dele, vumbi hutuama juu ya karatasi, maji husimama, na uchungu unaoulalamikia hutokea. Kuzidisha unga huleta shida hiyohiyo. Saga mpaka chembe zikwaruze vidoleni kama mchanga wa ufukweni.

Suuza karatasi kwa maji ya moto, uyamwage, ndipo uweke barafu. Anza na gramu 50, usubiri sekunde 40 unga uvimbe na kutoa mapovu, kisha umimine 65 mara mbili, taratibu, kwa miduara midogo ya katikati. Ukimwaga kwa pupa pembeni, mikunjo ya karatasi hubonyea na maji hupita ukutani bila kuugusa unga. Kazi yote ichukue kama dakika tatu, na masalia yabaki tambarare kama kashata kwenye sinia. Ukiona shimo, ulimimina mahali pamoja.

Kuhusu buni, mimi huchagua arabika ya Kilimanjaro au ya Nyeri iliyokaangwa kiasi, kwa kuwa uchachu wake hupendeza ukiwa baridi. Kama unatumia sukari, ichemshe kwanza iwe shira, maana sukari kavu hulala chini ya glasi.