Muulize Mpiga Gitaa: Rock bila drams?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimetazama Netflix onyesho la Bruce Springsteen, yule mwanamuziki wa rock wa Marekani, akiwa peke yake na gitaa na piano, mkewe tu akipanda kuimba naye kidogo. Kiongozi wa bendi yetu anasema rock bila drams ni chai bila sukari. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie kiongozi wenu asikilize wimbo mmoja tu wa Springsteen, “Born in the U.S.A.” (yaani “Nimezaliwa Marekani”), kwa namna zote mbili: na bendi, na bila bendi.

Ule wa 1984, wa bendi, niliupata kwenye kaseti. Drams zinadunda kama mtu anagonga mlango wa bati, nami kwa miaka mingi niliamini jamaa anaisifia nchi yake. Nilikuwa nimeshika kiitikio tu. Hata Wamarekani wengi waliupeperushia bendera.

Sasa mtazame hapo Walter Kerr, New York, ukumbi wa watu wasiofika elfu moja, yeye aliyezoea kujaza viwanja vya mpira na bendi yake, E Street Band. Anamtaja Bart Haynes, mpiga drams wa bendi yake ya kwanza, aliyeuawa katika vita vya Vietnam 1967. Yeye mwenyewe hakwenda vitani, na anajiuliza mbele ya watu ni nani aliyepelekwa badala yake. Kisha anashika gitaa la nyuzi 12, anaimba taratibu, sauti kavu. Nilisimamisha picha nikarudisha nyuma. Kumbe wimbo ni wa askari aliyerudi kutoka vitani akakosa kazi, na kaka yake alifia Khe Sanh, kulekule Vietnam! Maneno ni yaleyale. Mimi ndiye sikuwahi kuyasikia.

Na wimbo ulianza hivyohivyo: mapema 1982 aliurekodi nyumbani New Jersey, peke yake na gitaa kavu, kwa mashine ndogo ya kaseti. Bendi ilikuja baadaye.

Drams nazipenda, msiziache. Ila wewe chagua wimbo wenu mmoja, kaa sebuleni na gitaa kavu, punguza mwendo, uimbe ubeti wa pili. Huo ndio bendi hupenda kuufunika. Ukijikuta unameza maneno kwa aibu, shika kalamu uyaandike upya kabla ya mazoezi yajayo.