Kabla Hujaenda Kutazama Khon Bangkok

Safari yangu ya kwanza Bangkok nilitazama ngoma za Kithai nikiwa mezani, sahani zikipita mbele yangu, huku wachezaji wakitoa kipande kifupi cha khon, kisha ngoma ya kucha ndefu za shaba ya watu wa kaskazini, kisha pambano la kuigiza la muay Thai, ndondi za Kithai. Nilipiga makofi, lakini kesho yake sikuweza kumsimulia dada yangu nilichokiona. Safari ya pili nilibadili mpango, nao ndio ninaokushauri: chagua sanaa moja, ijue hadithi yake, ndipo uende kuitazama.

Khon ni mchezo wa kuigiza unaochezwa kwa vinyago, uliolelewa katika kasri la wafalme, na UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2018. Hadithi yake ni Ramakien, yaani Ramayana ya Wahindi jinsi Wathai walivyoifanya kuwa yao: Phra Ram anapigana ili amrudishe mkewe Sida, aliyetekwa na Thotsakan, mfalme wa majitu mwenye nyuso kumi. Pa kujifunzia hadithi hiyo ni Wat Phra Kaew, ndani ya eneo la Kasri Kuu, ambako ukuta wa baraza linalozunguka hekalu una michoro 178 inayoisimulia tangu mwanzo hadi mwisho. Wageni wengi huipita mbio wakiikimbilia sanamu ya Buddha ya kijani. Wewe tenga saa nzima, uzoee rangi za wahusika, kwa kuwa ndizo utakazokutana nazo jukwaani: Phra Ram ni wa kijani, nduguye Lak ni wa dhahabu, na nyani Hanuman ni mweupe. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti, wala usitegemee mtandio wa kujitupia begani.

Ukinunua tiketi ya Kasri, uliza kama inakupa pia nafasi ya kutazama khon katika ukumbi wa Sala Chalermkrung, uliofunguliwa mwaka 1933. Mimi niliingia kwa tiketi hiyo hiyo. Wimbo wa mfalme ukipigwa, simama pamoja na wenyeji. Waliovaa vinyago hawasemi neno, maana wasimulizi walioketi pembeni ndio wanaowasemea, kwa hiyo macho yako yawe kwenye viganja, shingo na nyayo, ambazo hueleza hasira, aibu na majonzi. Sikiliza pia ala. Kuna marimba ziitwazo ranat, kuna duara la patu za shaba, na kuna pi, ambayo mtu aliyekulia karibu na zumari za Lamu hataisikia kama sauti ngeni.

Jambo la mwisho nalisisitiza kwa moyo wote. Kwenye madhabahu ya Erawan, katikati ya maduka makubwa ya jiji, utawakuta wachezaji wenye mavazi yanayometameta, na utadhani wamewekwa hapo kwa ajili ya watalii. Wanalipwa na watu waliokuja kutimiza nadhiri baada ya dua zao kukubaliwa. Siku niliyofika, mama mmoja alikuwa amepiga magoti mbele yao akilia, nami nikairudisha kamera mkobani nikasimama pembeni hadi alipoinuka.