Habari za vitabu kama zinavyoonekana kutoka juu ya kibodi

Jina langu Nunda, kama yule paka wa Sultani kwenye hadithi aliyeanza na mifugo akaishia kula watu, ila mimi sijala mtu bado, nimetafuna kona za miswada tu. Namfuga mwandishi. Yeye anadhani ndo ananifuga mimi na sijamkatalia, mtu mzima akiwa na furaha yake muache. Mchana kutwa nalala kwenye laptopu yake mana pale pana joto, akijaribu kunisukuma namkazia macho tu, wahenga walishasema paka wa nyumba haingwa. Na ukilala pale kila siku utake usitake utajua habari zote za uchapishaji, mana huyu akiamka, kabla hata hajaniwekea chakula, ashafungua kuangalia nani kanunua nani, nani kafunga, nani kapewa mkwanja mrefu, alafu anaanza kuhema kama aliyekimbizwa.

Najua nyinyi waandishi mnaosoma hapa mko hivohivo. Ushauri wangu ni huu: habari yoyote ya mambo ya vitabu, kabla presha haijapanda, jiulize inagusa kifungu gani kwenye mkataba wako au kwenye mkataba unaotaka kusaini. Kama haigusi kitu basi ni umbea, na umbea ni mtamu sijasema msisome, someni mcheke mrudi kuandika. Kama inagusa, nyanyuka ukatafute huo mkataba. Wa kwetu hapa naulalia mimi, una manyoya lakini unasomeka.

Tuanze na kununuana, mana hiyo ndo ilininyima usingizi kuliko zote. Mwaka 2020 Penguin Random House (yenyewe imetokana na Penguin kuungana na Random House mwaka 2013) ilitangaza kuinunua Simon & Schuster kwa dola bilioni 2.175. Wachapishaji wakubwa wa Marekani ni watano, hapo wangebaki wanne. Serikali ya kule ikaenda mahakamani kupinga, kesi ikasikilizwa Agosti 2022, mpaka mwandishi maarufu Stephen King akaja kutoa ushahidi upande wa serikali, na tarehe 31 Oktoba Jaji Florence Pan akasema hapana, hii ndoa haifungwi. Mwaka uliofuata Simon & Schuster ikachukuliwa na KKR, ambao ni watu wa uwekezaji, kwa dola bilioni 1.62. Huyu wangu siku ya hukumu alishangilia kama yeye ndo kaandika hukumu, akanibana kifuani bila ruhusa, nikamparura kidogo ya heshima.

Sasa hebu tuongee ukweli. Kesi ile ilihusu hasa vitabu vinavyotarajiwa kuuza sana, vile ambavyo mwandishi anapewa malipo ya awali kuanzia dola 250,000 kwenda juu. Serikali ilisema wagombea muswada wakipungua, na dau linapungua. Hoja nzuri, hata paka anaielewa, nyumba yenye mtu mmoja tu wa kujaza bakuli utakula anachotaka yeye na saa anayotaka yeye. Lakini malipo ya awali ya huyu wangu hayajawahi hata kuona kivuli cha namba hiyo, kwahiyo zile kelele zote hazikuwa zinamhusu yeye moja kwa moja.

Kilichomhusu hakikuandikwa popote. Mchapishaji wake, mdogo tu, alimezwa na mwingine, na mhariri aliyekipenda kitabu chake akaondoka. Kitabu kikawa yatima. Hakuna aliyekikataa na hakuna aliyekitaka, ukituma imeili inakaa wiki na wiki alafu anajibu mtu mpya anauliza samahani, kitabu chako kinahusu nini hasa? Alilia siku ile, nikamlalia miguuni, ndo huduma ninayotoa.

Baada ya hapo ndo mkataba ukachomolewa chini yangu na tukausoma kifungu kwa kifungu, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Kwanza, mhariri hayumo kwenye mkataba. Umesaini na kampuni, yule mtu mzuri mnayepigiana simu anaweza kuhama kesho, kwahiyo chochote alichokuahidi kwa mdomo (jalada utaliona kabla, kitabu kitatoka kabla ya mwaka kuisha) kiandikwe. Pili kuwe na muda, kwamba wasipokitoa kitabu ndani ya miezi kadhaa tangu wapokee muswada uliokubalika basi haki zinarudi kwako na malipo ya awali hurudishi.

Tatu, na hii ndo watu wanaipita kama hawaioni, ni kifungu cha haki kurudi kitabu kikiisha sokoni. Zamani kitabu kilikuwa kinaisha kweli, nakala zikimalizika ghalani na mchapishaji hachapi tena basi umeshajua. Siku hizi kuna nakala ya kielektroniki na kuna mashine za kuchapa nakala moja moja pale mtu anapoagiza, kwahiyo kitabu hakiishi maisha, kinaweza kuuza nakala mbili kwa mwaka mzima, moja kanunua shangazi yako, na mchapishaji akasema si kipo sokoni bwana, tatizo nini. Kwahiyo usikubali maneno matupu ya "kikiisha sokoni", dai namba: mauzo yakishuka chini ya nakala kiasi fulani ndani ya miezi 12 mfululizo, ukiandika barua haki zinarudi. Namba mtapatana, ila iwepo, na uidai kabla ya kusaini mana ukishasaini huna cha kudai, una cha kuomba. Wa kwetu bahati nzuri namba ilikuwepo, wakala wake (yule anayemtafutia wachapishaji) ndo aliing'ang'ania enzi hizo mwandishi mwenyewe akiona usumbufu tu, na ndo ilituokoa, haki zilirudi.

Habari za wasambazaji watu wengi hawazisomi kwasababu hazina mbwembwe. Mimi nazisoma, napenda maghala, yana panya. Machi 2024 Small Press Distribution ya California, iliyokuwepo tangu 1969 ikisambazia mamia ya wachapishaji wadogo, ilifunga ghafla tu, na wachapishaji wakabaki wanaulizana vitabu vyetu viko wapi na hela za vilivyouzwa tunamdai nani. Oktoba 2025 Baker & Taylor nao, waliokuwa wakizipelekea vitabu maktaba za Marekani na walioanza tangu 1828, wakatangaza wanafunga. Mwandishi anasema hilo ni la mchapishaji, mimi halinihusu. Linakuhusu sana, mana mchapishaji asipolipwa na msambazaji, mrabaha wako, yaani fungu lako kwenye kila nakala inayouzwa, unatoka wapi? Ukipata mchapishaji mdogo anayekutaka muulize kwa adabu: nani anawasambazia, vitabu vinafikaje dukani, na msambazaji akianguka mimi nalipwaje. Wangu aliuliza hivo kwa simu, upande wa pili wakanyamaza muda mrefu kiasi kwamba niliwahi kujilamba mguu mzima nikaanza wa pili. Kimya kile kilikuwa jibu tosha, hakusaini. Mwingine aliulizwa maswali yaleyale akajibu moja baada ya jingine bila kununa, huyo ndo tuko naye.

Ya akili mnemba sasa. Jamani hii nyumba ilichafuka, mtu analala anaota roboti. Mwisho wa siku kwenye makelele yote yale cha kushika ni vichache. Juni 2025 Jaji William Alsup wa San Francisco, kwenye kesi ya waandishi dhidi ya Anthropic, kampuni inayotengeneza akili mnemba, alisema kufundishia modeli (yaani hiyo akili mnemba yenyewe) kwa vitabu vilivyonunuliwa kihalali ni matumizi yanayokubalika kisheria, lakini kujaza maktaba kwa nakala zilizopakuliwa kwenye tovuti za wizi hapana. Kabla hilo la pili halijafika kwenye usikilizwaji, Septemba mwaka huohuo kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, ambayo ni kama dola 3,000 kwa kila kitabu kilichomo kwenye orodha, kabla ya kukatwa gharama. Watu wote mkaishika hiyo namba ya 3,000. Mimi niliyekuwa nimelala pale kwenye kibodi nilishika sharti: kitabu kiwe kimesajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki ya Marekani, tena kwa wakati. Kipo kwenye tovuti ya wizi lakini hakijasajiliwa? Hakimo. Huyu wangu ana kitabu kimoja kimo na kingine hakimo, vyote viliibiwa sawasawa, tofauti ni karatasi moja.

Kwahiyo kwenye mkataba tafuta nani anasajili hakimiliki, kwa jina la nani (liwe lako, sio la mchapishaji), na ndani ya siku ngapi. Alafu tafuta kama kuna sehemu inampa mchapishaji ruhusa ya kuuza kitabu chako kikafundishie modeli bila kukuuliza. Mwaka 2024 HarperCollins ilipofanya dili la namna hiyo kwa baadhi ya vitabu vyake visivyo vya hadithi iliwapa waandishi nafasi ya kukubali au kukataa, na mimi naona hicho ndo kiwango cha chini kabisa, kuulizwa. Ukikubali au ukikataa ni wewe, kuna waliochukua hela wakaendelea na maisha na siwalaumu. Ila iandikwe kwamba bila idhini yako ya maandishi hakuna. Mikataba ya zamani ambayo haisemi kitu usiende kichwa kichwa, mpe wakala au chama cha waandishi wakusomee, kuna maneno mapana kama "njia zote za sasa na zitakazovumbuliwa" ambayo yamekaa pale kimya yanakusubiri.

Wanaojichapishia wenyewe msidhani nimewasahau. Amazon mwaka 2023 iliweka kikomo cha vitabu vitatu vipya kwa siku kwa kila mtu, na hapo nilicheka mpaka nikakohoa nywele, kwani kuna binadamu anaandika vitatu kwa siku? Hiyo ni umbea. Isiyo umbea ni ya Juni 2025, walipopunguza mrabaha wa vitabu vya karatasi vyenye bei chini ya dola 9.99 kutoka asilimia 60 kwenda 50. Asilimia hiyo inahesabiwa kwenye bei alafu gharama ya kuchapa inatolewa humohumo, kwahiyo ukiwa na kitabu kinene chenye bei ya chini unaweza kukuta faida yote imeyeyuka, na taarifa ilikuja kwa imeili ileile unayoifuta bila kusoma. Kaa chini upige hesabu ya bei upya.

Mengine ni ya kupitia tu. Mwaka 2025 chapa kuu ya Simon & Schuster ilisema haiwalazimishi tena waandishi wake kwenda kuomba maneno ya sifa ya nyuma ya jalada kwa waandishi wenzao, safi sana, mtu mzima kuomba kusifiwa ni kazi ya kudhalilisha na nasema hivyo mimi ambaye nataka kusifiwa kila nikipita. Mwandishi Brandon Sanderson mwaka 2022 alichangisha zaidi ya dola milioni 41 kwa wasomaji wake kupitia tovuti ya michango ya Kickstarter, na kila ndugu akamtumia huyu wangu hiyo habari, na wewe si ufanye? Sanderson alikuwa na miaka mingi ya vitabu na wasomaji wanaomsubiri. Umbea mtamu, tuendelee.

Unaofuata sio umbea, ni utapeli, na hapa sitanii. Siku hizi zinakuja imeili nzuri ajabu, zinataja jina la kitabu chako, zinataja mhusika wako, zinasema mtindo wako umetugusa, mana mashine inaweza kusoma maelezo ya kitabu chako ikaandika sifa hizo kwa sekunde. Mwandishi aliyekaa miezi bila kusikia neno zuri anayeyuka. Zinatumia majina ya kampuni kubwa na mawakala wa kweli. Alafu kwenye imeili ya tatu au ya nne ndo inaingia hela: ada ya kusoma muswada, ada ya kuandaa filamu, ada ya kuingizwa maktaba. Kanuni ya waandishi wakongwe ni kwamba hela inatoka kwa mchapishaji inakuja kwa mwandishi, ikianza kugeuza njia kimbia. Kama unajichapishia ni sawa unamlipa mhariri na mchora jalada, hapo umenunua huduma na haki zinabaki zako, lakini anayejiita mchapishaji alafu anakutoza ili akuchapishe huyo biashara yake ni wewe, sio vitabu.

Imeili ya namna hiyo ikija usijibu. Tafuta jina la aliyetuma kwenye tovuti ya Writer Beware, wamekuwa wakifuatilia matapeli wa waandishi tangu 1998. Angalia baada ya alama ya @ kama ni anwani ya kampuni yenyewe au ni imeili ya bure yenye jina lililofanana. Alafu nenda wewe mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni, usibonyeze kiungo alichokutumia, chukua anwani iliyopo pale uulize kama wana mtu huyo na kama kweli alikuandikia. Wangu alifanya hivo mwezi uliopita, baada ya kunisomea zile sifa kwa sauti, mara mbili. Wakamjibu jioni yake: mtu huyo hatunaye, na hatujawahi kumtoza mwandishi hata senti.