Vase za kioo zinazopotea kwenye picha

Dada, umesema vase zako zinatoka na doa jeupe katikati, na kingo zinapotelea kwenye kitambaa cheupe. Zima flashi kwanza; hilo doa ni lake. Kioo kinapitisha mwanga na kurudisha chochote kilicho karibu nacho, kwa hiyo panga mazingira yake kabla ya kuhangaika na kamera.

Kwa kioo kisicho na rangi, tundika shuka jeupe dirishani, upande usiopigwa na jua, weka meza mbele yake na upige ukiwa umeelekea dirisha. Vase ikae mbali kidogo na shuka. Sasa lile ambalo wengi hawalifanyi: simamisha vipande viwili vya kadibodi nyeusi, kushoto na kulia kwa vase, nje kidogo tu ya fremu. Weusi wake utaingia kwenye kingo na kuzichora mstari mwembamba. Ukivisogeza karibu mstari unanenepa, ukivipeleka mbali unafifia. Cheza navyo mpaka umbo lisimame.

Kioo chenye mapovu, kama kile kinachotengenezwa Kitengela, Kenya, mimi nakipenda gizani: velveti nyeusi nyuma, taa kutoka pembeni kwa nyuma, na kingo zinawaka zenyewe. Ila hapo kila vumbi na alama ya kidole itaonekana, basi kishike kwa glavu za pamba.

Kwa simu, tumia stendi, gusa vase kwenye skrini, kisha rekebisha mwangaza kwa mkono. Ukiiachia simu yenyewe, shuka litatoka la kijivu.