Shahada ya uuguzi kwa intaneti: nichague chuo kipi?

Swali: Dada, mimi ni muuguzi aliyesajiliwa hapa Marekani, nina stashahada na nafanya zamu za usiku. Vyuo viwili vimenikubali kusomea shahada kwa intaneti. Nichukue cha ada nafuu?

Jibu: Mdogo wangu, ada isikutangulie. Hakikisha programu yenyewe ya uuguzi, si chuo tu, ina ithibati ya CCNE au ACEN, yaani mashirika ya Marekani yanayokagua na kuthibitisha ubora wa programu za uuguzi. Bila hiyo huenda ukapata shida ukitaka uzamili. Kisha dai kwa maandishi: masomo yako mangapi ya stashahada yatahesabiwa kwenye shahada, usiyarudie na kuyalipia tena? Hapo ndipo gharama halisi hujificha. Mafunzo ya vitendo je? Vyuo vingine hukuachia utafute mahali mwenyewe, na kwa mtu wa zamu za usiku huo ni mzigo. Mimi ningechagua kinachoruhusu somo moja kwa muhula. Mwajiri akijitolea kukulipia, soma masharti kwanza: huenda akakutaka ubaki kazini kwake baadaye.